Upole wa Mbongo ni mtaji wa vigogo!

Ndugu msomaji, wewe kijana uliyekaa kijiweni na gazeti hili mkononi, kabla hujaruka kwenda ukurasa wa michezo nijibu swali moja tu. Ni nani aliyekuambia kwamba wewe ni mpole?

Mama yako hakusema hivyo, maana anakujua. Mwenye nyumba wako naye hakusema, maana anakumbuka ulivyomjia juu siku alipopandisha kodi ya chumba. Aliyekuambia ni mkubwa, akiwa jukwaani, kipaza sauti mkononi na kundi la walinzi nyuma yake. Kila mambo yanapomwia magumu anakohoa kidogo, anatabasamu, kisha anakusifu: Watanzania ni watu wapole, wastaarabu, wapenda amani, si kama majirani zetu. Na wewe unapiga makofi! Unarudi nyumbani kifua mbele, unakuta bomba halitoi maji na umeme umekatika tangu asubuhi. Unawasha mshumaa huku ukiendelea kuwa mpole.

Mimi nasema sifa hiyo ni kilemba cha ukoka. Nimevuka mpaka, nimekaa Nairobi wiki tatu, nimesikiliza jirani zetu wanavyozungumza na wakubwa wao na jinsi wanavyozungumza wao kwa wao. Nimerudi na jambo moja ambalo halinipi usingizi, nalo ndilo nataka tulijadili leo, mimi na wewe.

Nilipanda basi Mbezi alfajiri, tukapita Chalinze, Segera, Moshi na Arusha, tukavuka Namanga, nikashukia katikati ya Nairobi nikiwa na njaa ya kufa mtu. Nikaingia hotelini, zile hoteli ndogo za wachapa kazi. Mama mmoja akaja kunihudumia. Nami, kama tulivyolelewa, nikamwambia: "Shikamoo mama. Samahani, naomba chai na mandazi mawili." Yule mama alinitazama kama anayetazama mtoto aliyepotea njia. "Kwani unaomba?" akaniuliza. "Si utalipa?" Halafu akacheka, akasema, "Wewe ni Mtanzania, sindio?"

Nilitazama meza za jirani. Nipe chai! Leta chapati mbili! Ongeza supu! Hakuna samahani wala naomba. Mbongo ukisikia hivyo mara ya kwanza unadhani watu wanataka kupigana. Unangoja vikombe viruke. Haviruki. Chai inaletwa, pesa inalipwa, kila mtu anakwenda zake.

Sasa usinielewe vibaya. Sikuja hapa kukuambia uache naomba. Naomba ni neno zuri, na Kiswahili chetu kingekuwa kikavu bila hilo. Wakenya wenyewe wanakiri. Wakimsikia mtu wa kutoka Tanga au Unguja anazungumza, wanatega masikio kama wanasikiliza redio. Mimi nitaendelea kumwamkia mama wa chai, Nairobi hata Manzese, kwa sababu yeye anastahili heshima kuliko vigogo wengi ninaowafahamu. Swali langu liko kwingine. Hiyo naomba yetu, pamoja na samahani na shikamoo zake, tunaipeleka wapi?

Twende ofisini ukaone. Mwaka juzi nilihitaji karatasi moja kutoka ofisi moja ya umma hapa Dar, jina nalihifadhi. Ada nimelipa na risiti ninayo. Kilichobaki ni mhuri tu. Tulikuwa watu kama thelathini kwenye benchi. Kila aliyeingia aliinama kidogo mlangoni na kusema maneno yale yale: naomba mheshimiwa unisaidie. Unisaidie nini? Yule bwana anapokea mshahara kila mwezi ili agonge ule mhuri! Mhuri umenunuliwa kwa kodi yetu, na wino, na hata kiti anachozungukia. Lakini sisi tulimwomba kama vile anatukatia mnofu kutoka pajani mwake. Naye, akishaona anaombwa, akawa mtoa sadaka. Na mtoa sadaka ana hiari, akitaka anatoa, asipotaka anakuambia njoo kesho. Nilirudi mara nne. Siku ya nne mtu mmoja pale nje akaninong'oneza kwamba mimi ni mgumu wa kuelewa. Unajua alimaanisha nini.

Umeona mchezo ulivyo? Neno likibadilika, haki inabadilika pamoja nalo. Unachodai kina siku na kina jibu. Unachoomba kinategemea mwenyewe ameamkaje.

Hapo ndipo utasikia mtu anasema, aa, huo ndio utamaduni wetu, sisi ni watu wa heshima. Heshima gani? Nikurudishe barabarani. Nairobi nilipanda matatu jioni, mvua inanyesha. Makanga alikuwa ametangaza nauli moja watu wakipanda, gari lilipoanza kwenda akataja nyingine. Matatu zima likawaka. Si ulisema hamsini? Shusha sisi hapa! Mwisho akachukua ile ya kwanza. Mtu atasema, hata Dar abiria wanagombana na konda. Kweli kabisa! Konda akikatisha ruti pale Buguruni, matusi anayopata hayaandikiki gazetini. Tunamfokea konda. Tunamfokea muuza machungwa, dada wa kazi, mlinzi wa getini. Sauti tunazo, tena kali.

Lakini aingie ndani ya daladala hilo hilo mtu mwenye suti na kitambulisho cha serikali, avuruge foleni na kukaa kiti ambacho si chake, utasikia nini? Utasikia shikamoo mzee!

Basi huo si upole, ndugu yangu. Mtu mpole ni mpole kwa wote, kwa konda na kwa waziri. Upole wetu una macho, unatazama cheo kwanza ndipo unaamua. Kwa mnyonge tunakuwa simba, kwa mwenye nguvu tunakuwa kondoo. Kitu cha namna hiyo kina jina lake la Kiswahili safi, nalo ni woga. Wakubwa wamekibandika jina la utamaduni ili usione aibu kukibeba.

Na wala hatukuzaliwa nacho! Wanaosema Mtanzania ni mpole kwa asili waende kwanza kuwaambia Wajerumani. Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe wa Mkwawa walikifyeka kikosi cha Kijerumani pamoja na kamanda wake Zelewski. Mwaka 1905 Wamatumbi waling'oa mapamba ya mkoloni kwa mikono yao, na Vita vya Majimaji vikawaka kusini mwa nchi hadi 1907. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukasafiri na reli kwenda bara. Hao ni babu zako. Hakuna hata mmoja aliyemwandikia Mjerumani au Mwingereza barua ya naomba unisaidie.

Hata baada ya Uhuru tulikuwa na midomo. Wazee wetu waliitana Ndugu, kuanzia mjumbe wa nyumba kumi mpaka Rais. Leo diwani anaitwa Mheshimiwa, na usipomwita hivyo anakununia. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ikakataza viongozi kuwa na majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Wafanyakazi wakauchukua Mwongozo ule kama ulivyoandikwa. Viwandani waligoma, wengine wakawafungia mameneja nje ya geti. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel hapa Dar walikwenda mbali zaidi, wakakitwaa kiwanda na kukiendesha wenyewe.  Machi 1978 wanafunzi wa Mlimani waliandamana kupinga wabunge na mawaziri kujiongezea marupurupu, wakafukuzwa chuo kwa mamia.

Januari 2001 wananchi wa Zanzibar waliandamana kudai uchaguzi wa haki. Walipigwa risasi, makumi wakafa, na zaidi ya watu 2,000 wakakimbia kwa mashua kwenda Shimoni. Shimoni iko wapi? Kenya! Kisiwa cha amani kikazalisha wakimbizi, na wale tunaoambiwa ni wakorofi ndio waliowapokea.

Kwa hiyo ukimya wetu una kiwanda chake na tarehe zake. Umetengenezwa, ukapigwa pasi, ukavalishwa kanzu ya utamaduni, tukauvaa.

Na Wakenya je? Wamezaliwa na kelele? Thubutu! Waulize wazee wa Nairobi habari za miaka ya 1980. Juni 1982 Kenya ilifanywa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Mwaka 1986 watu walikamatwa ovyo kwa tuhuma za kuwa na karatasi za Mwakenya, wakateswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo ambalo bado limesimama katikati ya jiji na watu wanapita hapo kila siku kwenda kazini. Wakati ule Mkenya alinong'ona ndani ya matatu. Angekuja mgeni mwaka huo angeandika kwamba Wakenya ni wapole kwa asili.

Kilichobadilika ni kwamba watu waliacha kunong'ona, mmoja mmoja, na walilipa. Mwaka 1989 chama tawala cha KANU kilitaka kujenga ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park. Wangari Maathai akapinga. Alitukanwa kuwa ni mwanamke asiye na adabu, asiyejua mila za Kiafrika. Angalia vizuri silaha waliyotumia: adabu na mila! Ghorofa halikujengwa na bustani ipo mpaka leo. Julai 7, 1990 ikaja Saba Saba, na Desemba 1991 kile kifungu cha chama kimoja kikafutwa. Mwaka 1992 akina mama watu wazima, ambao watoto wao walikuwa wafungwa wa kisiasa, walikaa pale pale Uhuru Park wakidai watoto waachiwe. Polisi walipowavamia kwa virungu, baadhi yao walivua nguo mbele ya askari. Kwa mwaka mmoja hivi hawakurudi nyuma, na karibu wafungwa wote wakaachiwa.

Matunda yake? Agosti 2010 walipata katiba mpya. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani. Hapa kwetu Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema mgombea urais akishatangazwa na Tume hakuna mahakama ya kuchunguza uchaguzi wake. Unaruhusiwa kushitaki aliyekuibia kuku, lakini si aliyekuibia kura! Juni 2024 vijana wa Kenya, wengi wao wa umri wangu na wako, waliukataa Muswada wa Fedha ambao tangu mwanzo ulitaka kuutoza mkate kodi ya asilimia 16. Juni 25 waliingia bungeni. Siku iliyofuata Rais Ruto akatangaza kwamba hatausaini.

Sisi je? Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi nzima kuuliza kama tunataka vyama vingi. Karibu watu wanane katika kila kumi walijibu tubaki na chama kimoja! Vyama vingi vikaja mwaka 1992 kwa sababu Tume na wakubwa waliona dunia inageuka, si kwa sababu sisi tulidai. Tukapewa, na kilichotolewa kwa hisani hutolewa nusu. Tume ya Jaji Warioba ikakusanya maoni ya wananchi, ikatoa rasimu mwaka 2013. Bunge la Katiba likaichanachana, kura ya maoni ikapangwa Aprili 2015, ikaahirishwa, na haikupangiwa tarehe nyingine. Nani alipiga kelele? Tulisema naomba, kisha tukanyamaza.

Ndiyo maana sishangai neno linalopendwa na wakubwa siku hizi. Mei 19, 2025, wakati wa kuzindua sera mpya ya mambo ya nje, Rais Samia aliviagiza vyombo vya ulinzi visiwape nafasi watovu wa adabu kutoka nchi nyingine kuvuka na kufanya yao hapa kwetu. Walikuwa wanaharakati wa Kenya waliokuja kusikiliza kesi ya uhaini ya Tundu Lissu. Kusikiliza kesi mahakamani, mahali ambapo milango iko wazi kwa sheria, kumekuwa utovu wa adabu!

Halafu ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, chama kikuu cha upinzani kikiwa kimezuiwa kushiriki na mwenyekiti wake akiwa gerezani. Vijana waliingia barabarani Dar, Mwanza, Arusha na kwingineko. Intaneti ilizimwa, Dar ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, risasi za moto zikalia na watu wakafa. Matokeo yakatangazwa, karibu asilimia 98. Novemba 3, akiapishwa, Rais alisema baadhi ya vijana waliokamatwa walitoka nje ya nchi. Umesikia hiyo? Mtanzania akikasirika anavuliwa Utanzania! Yaani uraia wako unadumu kwa muda ule tu unaokaa kimya.

Sasa najua kuna msomaji mmoja pale kijiweni anatikisa kichwa. Anasema, mwandishi huyu anatupeleka pabaya, Kenya si mfano. Nimsikilize, maana ana hoja. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Wakenya zaidi ya 1,100 waliuawa, majirani wakichinjana kwa kuulizana kabila. Hiyo sitaki, na wewe hutaki. Hatuna ugonjwa huo kwa kiwango kile, na Kiswahili pamoja na huo Undugu wa wazee wetu ndivyo vilivyotukinga. Katika maandamano ya 2024 polisi waliua makumi ya vijana, na wengine walitekwa usiku. Rushwa Kenya bado ipo, na hata wao, wakizidiwa, utawasikia wakilia serikali saidia kama sisi tu. Kelele peke yake haijengi nchi.

Lakini angalia usichanganye mambo. Kilichoua watu 2007 ni ukabila na wanasiasa waliouchochea. Mama wa Uhuru Park hakuua mtu. Jaji aliyefuta uchaguzi 2017 hakuua mtu. Kijana aliyeuliza kwa nini mkate utozwe kodi hakuua mtu. Wakubwa wetu wanakuonyesha mapanga ya 2007 ili uogope swali. Wanataka uamini kwamba kati ya kunyamaza na kuchinjana hakuna kitu katikati.

Kipo! Na tumewahi kukionja hapa hapa nyumbani. Julai 2021 serikali ilileta tozo za miamala ya simu. Ulikuwa ukimtumia bibi yako shilingi elfu kumi kijijini, serikali inameza chake kabla bibi hajaona kitu. Nchi nzima ilipaza sauti, mitandaoni, sokoni, kwenye vibanda vya uwakala, hata makada wa chama tawala walishindwa kujizuia. Hakuna jiwe lililorushwa. Kabla ya miezi mitatu kwisha tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata, baada ya kelele nyingine, ikaguswa tena. Wale wapole walikuwa wapi siku zile? Na nani aliyekufa kwa sababu sisi tulisema hapana?

Kwa hiyo sikutumi barabarani, ndugu yangu, wala sikuagizi ukamtukane mtu. Nakuagiza jambo gumu zaidi ya hilo. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, usibaki kijiweni ukibishana habari za Simba na Yanga. Nenda, uketi mbele, mwamkie mwenyekiti kama ni mkubwa wako kwa umri, kisha umwulize mapato na matumizi yako wapi. Akikuambia kijana una haraka, mwambie ndiyo, ninayo. Mgambo akikuchukulia bidhaa zako, mdai karatasi yenye mhuri inayoonyesha amechukua nini na kwa sheria ipi. Ukifika dirishani umelipa ada yako, sema: nimekuja kuchukua karatasi yangu, itatoka lini, na jina lako nani? Sema kwa sauti ya kawaida, bila tusi. Mwanzoni utatetemeka, na waliokaa benchi watakugeukia kwa mshangao. Wa pili yake atauliza, na wa tatu, na siku wote thelathini watakapouliza, yule bwana atagundua ghafla kwamba mhuri anao.

Katiba yetu hii hii mbovu, katika Ibara ya 8, inasema serikali inapata madaraka yake yote kutoka kwa wananchi. Wewe ndiye uliyempa. Sasa mwenye mali anamwombaje mtunza ghala?

Shikamoo ni ya wazee. Naomba ni ya mama aliyechoka kusimama jikoni tangu usiku. Ofisini peleka swali, usubiri jibu, na usiondoke mpaka ulipate.

Alamsiki!